"Fundi, si utaiweka sawa kwenye kuediti?" Hapana, bosi

Sentensi yenyewe huja kwa upole, tena imefunikwa na sifa: "Fundi, wewe nakuaminia, hiyo si utaiweka sawa tu kwenye kuediti?" Wiki hii nimeipata kwa mtu wa masoko, mwezi uliopita kwa mpigapicha, na kabla ya hapo kwa mwongozaji aliyekuwa na mchana mzima wa kurudia shoti na hakuirudia. Nimechoka kulijibu swali hilo kwenye simu. Jibu naliandika hapa ili siku nyingine nitume linki, niendelee na kazi.

Kazi yangu ni kupokea futeji (picha zilizorekodiwa na kamera), kuipanga, kukata, kugredi rangi, kuchanganya sauti na kutoa faili la televisheni na la mitandaoni. Karibu vyote hivyo ni kuchagua na kusogeza kitu ambacho kamera imekwisha kukiandika. Kamera isipokiandika, sina cha kusogeza. Mengine yote hapa chini ni ufafanuzi wa hilo moja.

Nianze na mepesi. Fokasi ikienda kwenye ukuta nyuma ya mtangazaji, imekwenda. Kunoa picha kunakaza kingo tu, hakurudishi kope za macho. Slow motion ya futeji iliyopigwa fremu 25, yaani picha 25 kwa sekunde: ukitaka niipunguze kasi mara nne, programu inabidi ibuni fremu tatu kati ya kila mbili za kweli, na hapo ndipo maji ya kwenye glasi yanapogeuka uji na vidole vinapoungana. Nembo ya mshindani wenu nyuma ya mwigizaji? Hiyo naifuta. Inakula saa, na saa zinalipiwa.

Sasa tuje kwenye taa, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Kenya hivyo hivyo, Uganda hivyo hivyo. Taa nyingi za maofisini na kumbini, kwa umeme huo, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona. Ukiweka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde, kila fremu inakula mipigo miwili kamili ya mwanga, kwa hiyo fremu zote zinalingana. Ukiweka fremu 30 na shata 1/60, fremu inapata mpigo mmoja na theluthi mbili: hii imedaka kilele, inayofuata imedaka bonde, na picha inaanza kupumua. Na kwa kuwa sensa nyingi tunazotumia (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga) husoma picha mstari kwa mstari, kupumua huko kunatokea kama mikanda inayotambaa ukutani, juu ya meza ya mkurugenzi, hadi usoni kwake.

Hiyo 1/60 inatoka wapi? Inatoka Marekani. Kule umeme ni hezi 60, televisheni yao inakimbia kwenye fremu 30, kwa hiyo mwalimu wa mtandaoni anayesema "fremu 30, shata 1/60" hajakosea hata kidogo, kwake. Kijana wetu ameangalia masomo yote, ameshika kila neno, na kamera yake ilikuja ikiwa imewekwa NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani, wala hakuigusa. Amejifunza vizuri sana kupiga picha ndani ya ofisi ya Chicago. Simu nazo nyingi hujianzia kwenye fremu 30 zenyewe, kwa hiyo na wale wa "tulipiga kwa simu tu" hawajanusurika.

Najua mtaniambia kuna programu za kuondoa mikanda. Zipo, na ninazo. Zinalinganisha fremu jirani na kutafuta wastani wa mwanga. Ukuta mtupu utatoka msafi kabisa. Lakini tangazo gani lina ukuta mtupu? Mtu akitembea mbele ya ule mkanda, anaacha mzuka nyuma yake. Nikiipunguza nguvu programu, mzuka unaondoka na mkanda unarudi. Nabaki nafanya kwa mkono, shoti kwa shoti, huku mteja akiuliza kwenye WhatsApp "imefikia asilimia ngapi".

Na kuna jambo ambalo vitabu vinalipita mbio: hata 1/50 si kinga. Jenereta dogo likizidiwa mzigo, labda mtu kachomeka birika la chai, kasi yake inashuka na hezi 50 si 50 tena. Taa za LED za bei nafuu zenye dima (kipunguza mwanga) hupepesa kwa kasi yao wenyewe isiyohusiana na umeme wa ukutani. Na ukipiga slow motion ya fremu 120 chini ya taa za ofisi, mikanda utaipata tu. Kwa hiyo mimi sisemi "weka 1/50 ulale". Weka fremu 25, weka 1/50, rekodi sekunde chache za ukuta mweupe, ziangalie kwenye monita kubwa, ndipo uite waigizaji.

La pili ni kanzu.

Kila Ramadhani ikikaribia tunapata tangazo lile lile, libadilike bidhaa tu: baba wa kanzu nyeupe, mama anapanga futari, watoto wanakimbia barazani, jua la alasiri linapiga. Mpigapicha anaangalia uso wa baba, anauona mweusi mno, anafungua lenzi mwanga uingie zaidi. Uso unapendeza. Kanzu inaungua, yaani weupe unazidi hadi kamera haisomi kitu. Darizi ya kolani imepotea, mikunjo imepotea, bega limeyeyukia angani. Kisha: "Fundi, si utaishusha tu?"

Naishusha, bosi. Sehemu iliyoungua, kila nukta imeandikwa namba moja, ile ya mwisho kabisa. Nikiishusha, nukta zote zinashuka pamoja, na baba anapata kiraka cha kijivu kifuani. Ile darizi haipo ndani ya faili. Hakuna sehemu ya siri ilikojificha ikingoja mwenye kompyuta kubwa.

"Lakini tulipiga log!" Ah. Log. Ni ile namna ya kurekodi picha iliyopauka ili rangi zivutwe baadaye, na neno lake limeingia mjini kama hirizi. Log haiongezi uwezo wa sensa. Inapanga tu upya namba zinavyogawanywa kati ya kivuli na mwanga. Kilichozidi uwezo wa sensa kimezidi, uwe umepiga log au hukupiga. Halafu kuna suala la biti. Kamera ikiandika biti 8, ina ngazi 256 kwa kila rangi. Biti 10 ina 1,024. Ukiubana mwanga wote wa Kigamboni saa tisa mchana ndani ya ngazi 256, kisha mimi niuvute uwe na uhai, anga linakatika mapande mapande kama matuta ya shamba. Nitasema jambo litakaloudhi watu: kwa kamera ya biti 8, bora uniletee picha ya kawaida iliyopimwa mwanga vizuri kuliko log. Mvutane na mimi, sijali.

Wengine wamesikia habari ya kanzu kuungua wakaruka upande wa pili: wanafunga lenzi kuiokoa kanzu, na ngozi ya baba inaangukia kwenye kivuli ambako kelele za sensa, zile punje punje, ndiko zinakoishi. Nikiinua, punje zinacheza usoni. Nikisafisha punje, ngozi inakuwa ya nta. Ngozi zetu ndizo zinazolipa gharama ya makosa haya, na si bahati mbaya tu. Enzi za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, waliziita kadi za Shirley. Hata ile kanuni ya "uso uwe asilimia 70 kwenye zebra" (michirizi ambayo kamera inaonyesha penye mwanga uliofikia kiwango ulichoweka) iliwekwa kwa ngozi nyeupe. Mpigapicha wetu anaifuata, anapandisha uso wa Mmakonde hadi 70, ngozi inachujuka, kanzu inaungua, na kila kitu kimefanywa "kitaalamu". Ngozi nyeusi inapendeza chini ya hapo, ikiwa na mng'ao kidogo shavuni. Ni ngapi hasa? Inategemea mtu, na mimi naamini jicho kuliko namba, jambo ambalo si jibu zuri la kumpa mwanafunzi, lakini ndilo nililo nalo.

Dawa ya kanzu ipo, na ipo kwenye seti. Mhamishie baba kivulini. Tafuta reflekta ya kumrudishia mwanga usoni. Au fanya wanavyofanya watu wa mavazi wa siku nyingi: chovya kanzu kwenye chai ya rangi, ikaushe. Kwa macho ya kamera bado ni nyeupe, ila sasa una nafasi ya kupumua. Bei yake ni majani ya chai.

Sauti sitaichambua sana, maana hakuna anayetaka kumlipa mtu wa sauti na wote tunajua. Ila kunguru wa Dar nawataja. Kunguru akilia katikati ya sentensi, nikikata sentensi, mlio wake unakatika nusu na kila msikilizaji anashtuka. Rekodini ukimya wa eneo niwe na cha kuzibia ninapokata, sekunde 30, watu wote wamenyamaza, simu zimezimwa. Hamtafanya, najua.

Hapa kwenye sauti lazima niseme jambo linalodhoofisha mahubiri yangu. Zamani nilikuwa naapa kwamba mwangwi wa chumba hautoki. Leo programu za akili mnemba zinautoa, na mara nyingine vizuri hadi nashangaa. Mpaka wa kinachowezekana unasogea, na sijui niuchore wapi mwaka huu. Lakini programu hizo zinakisia. Katika tangazo moja la mikopo, programu ilisafisha upepo na ikaondoka na "h" yote, kwa sababu "h" yenyewe ni pumzi tu. "Mteja wetu hana deni" ikatoka "mteja wetu ana deni". Aliyeigundua ni dada wa usafi aliyekuwa anapita nyuma ya kiti.

Na shaka nyingine: nagredi kwenye chumba chenye kiza, monita imepimwa niti 100 (kipimo cha mng'ao), kila kitu kwa utaratibu wa Rec.709, kanuni ya rangi za televisheni. Mtazamaji anaangalia kwenye simu iliyopasuka kioo, kwenye daladala, faili limeshapita magrupu kadhaa ya WhatsApp. Nikiinua vivuli kwa ajili yake, kwenye televisheni picha inapwaya. Nisipoinua, hamwoni mama anayepanga futari. Mteja akilipa, natoa gredi mbili. Asipolipa, nabahatisha katikati.

Basi, kama una shooti wiki ijayo, nenda kwenye eneo siku moja kabla, na kamera ile ile, saa ile ile. Washa taa zitakazowashwa. Mvike mtu kanzu. Piga sekunde kumi, unitumie nikuangalizie, bure. Itume kwa Google Drive tafadhali, si kama video ya WhatsApp, maana WhatsApp ikishaibana sitajua kama mikanda ni ya taa zenu au ni ya kwao.