Kopo la siagi ya karanga na hesabu ya mkakati

Tunapowafundisha wajasiriamali wadogo hapa Kampala, neno linalotusumbua kuliko yote ni mkakati. Ukimuuliza mtu mkakati wake, atakwambia: kuuza zaidi. Hayo ni matamanio. Mkakati ni kuamua utamhudumia nani, kwa bidhaa gani, na nani utamwacha anunue kwingine.

Tuchukue mfano wa mama anayesaga karanga katika soko la Kalerwe. Mzazi anayenunua kopo lake anataka mtoto apake mkate haraka awahi shule. Mwenye hoteli anayepika binyebwa, yaani mchuzi wa karanga, anataka ndoo nzima, kwa bei ya jumla, bila chumvi. Karanga ni zilezile, lakini thamani kwa mteja, yaani kazi ambayo bidhaa inamfanyia, ni tofauti kabisa. Mtaji mdogo haumudu masoko lengwa mawili, yaani makundi mawili ya wateja, kwa pamoja. Hata kampuni ya simu ya MTN ilipoanzisha huduma ya pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, kilichowavuta watu ni kutuma pesa nyumbani. Mikopo ilikuja baadaye.

Sasa hesabu, na hapa naomba ushike kalamu. Kopo linauzwa shilingi 8,000. Karanga, kusaga, kopo na lebo vinakula 5,500. Zinabaki 2,500, na wengi huziita faida wakazitumia jioni ileile. Bado kuna gharama za kudumu: kodi ya chumba na mshahara wa msaidizi, tuseme 500,000 kwa mwezi, ambazo hulipwa hata kama hakuna kopo lililotoka. Gawanya 500,000 kwa 2,500, unapata makopo 200. Hapo ndipo gharama zinaporudi. Kopo la 201 ndilo la kwanza kuleta faida. Akipunguza bei kwa 500 ili amshinde jirani, atalazimika kuuza 250 kabla ya kuona faida yoyote. Inaniuma kuona duka likifungwa kwa sababu ya 500 hiyo.

Ukitaka kuongeza aina mpya, kwa mfano yenye simsim, usianze kwa kuchapisha lebo elfu moja. Tengeneza bidhaa ya majaribio: makopo 20, uyauze kwa bei yake halisi. Ukigawa bure utasifiwa tu. Andika kwenye daftari nani alinunua na siku gani, kisha subiri uone ni wangapi watarudi kuchukua kopo la pili.