Kwa nini mtoto hutapika garini akishika simu, lakini akitazama nje anatulia?

Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 600, safari ya kutwa nzima. Watoto waliokaa nyuma wakifika Mwanga tu wameshaanza kuuliza kama Dar bado mbali. Dawa ya siku hizi ni simu. Mtoto anawekewa katuni, gari linakuwa kimya, wazazi wanapumua. Gari likishapita Same, katuni bado inaendelea, lakini mtoto hacheki tena. Anapiga miayo wala hana usingizi. Midomo imepauka, jasho jembamba linamtoka juu ya mdomo, anameza mate mfululizo. Kabla ya Makanya ameshatapika.

Hapo lawama zote huangukia tumbo. Ni yale maziwa ya asubuhi, ni yale maandazi ya Usa River, ni harufu ya dizeli ya lori lililokuwa mbele. Safari inayofuata mtoto huyo anasafirishwa na njaa, kashikishwa ndimu ya kunusa, na simu anapewa ileile.

Tumbo linaonewa. Kutapika kunaishia tumboni, lakini hakuanzii huko, na ushahidi wake ni mzuri kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1882 mwanasaikolojia Mmarekani William James aliandika juu ya viziwi waliozungushwa ili kuona kama watashikwa na kizunguzungu. Zaidi ya theluthi moja yao hawakuhisi kizunguzungu chochote. Miaka ya mwisho ya 1950 na iliyofuata, jeshi la majini la Marekani na shirika la anga za juu, NASA, walifanya majaribio na wanaume 11 viziwi kutoka chuo cha Gallaudet, karibu wote wakiwa wamepoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo iliyoharibu sikio la ndani. Walipopelekwa kwenye bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia, Kanada, wanaume wale walicheza karata. Watafiti ndio waliougua, hadi jaribio likasimamishwa. Matumbo walikuwa nayo wote. Kilichowatofautisha ni masikio.

Harufu ya dizeli nayo ina sehemu yake, ila ni ndogo. Inamwongezea kichefuchefu aliyekwisha kuanza kuugua, lakini peke yake haielezi jambo hili. Wanaanga, ambao hawapumui moshi wa lori lolote, zaidi ya nusu yao huugua siku za kwanza angani. Na kumnyima mtoto chakula kunaweza kumzidishia kichefuchefu, kwa kuwa tumbo tupu huchafuka upesi. Mlo mzito wenye mafuta si mzuri kabla ya safari, ila ndizi moja au kipande cha mkate mkavu hakina kosa lolote.

Sasa tuingie sikioni. Ndani kabisa, nyuma ya ngoma ya sikio, kuna mirija mitatu iliyopinda nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake, yote imejaa majimaji. Kuielewa, jimiminie kikombe cha chai ya rangi na uache kipande cha jani la mchaichai kielee juu. Zungusha kikombe taratibu mezani. Kikombe kinageuka, jani linabaki limeelekea kulekule dirishani. Sisimizi aliyeng'ang'ania ukingo wa kikombe angeliona jani linampita, akajua kwamba amegeuzwa. Endelea kuzungusha kwa mwendo uleule: chai nayo inashika kasi, jani linakwenda sambamba na kikombe, na sisimizi haoni tena dalili ya mzunguko. Kisha simamisha ghafla. Chai bado inazunguka, na sisimizi ataapa kwamba sasa anapelekwa upande wa pili.

Sikioni, mahali pa jani pana utando laini wenye vinyweleo vya neva. Majimaji yakibaki nyuma, utando unapinda na ubongo unapata habari. Pembeni ya mirija hiyo kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo mno za kalsiamu kaboneti, kemikali ileile ya ganda la yai, zikiwa zimekaa juu ya ute mzito. Breki ikikanyagwa au tuta likirukwa, chembe hizo zinasogea, na hiyo ni habari nyingine. Ninavutiwa sana na jambo hili: kila mtu anatembea na mawe madogo kichwani ya kumwambia chini ni wapi.

Kumbe sikio halitoi habari ya mwendo, linatoa habari ya mabadiliko ya mwendo. Kwenye lami iliyonyooka, gari likienda kwa kasi moja, sikio halina la kusema. Kwenye kona za kupanda Marangu kutoka Himo, au za Mombo kwenda Lushoto, linatuma habari bila kupumzika. Mtikisiko wa haraka wa barabara ya vumbi hausumbui sana. Mwendo mbaya kuliko wote ni ule wa kuyumba polepole, karibu mara moja kila sekunde 5. Ndiyo maana gari laini kwenye kona linaweza kumtapisha mtoto aliyesafiri salama kwenye mashimo.

Simu ndipo inapoharibu. Sikio linasema tumegeuka kushoto, tumesimama, tumeruka. Macho yamekazwa kwenye kioo kilicho mapajani na yanasema hapa hakuna kinachosogea. Ubongo unapokea taarifa mbili zisizopatana kutoka kwa mashahidi unaowaamini sawasawa. Kitabu hufanya hivyohivyo. Mtoto akiinua kichwa akatazama milima ya Upare, ambayo ukielekea Dar iko kushoto kwa muda mrefu, macho yanaona kile ambacho sikio linahisi, na ugomvi unapungua.

Maelezo haya hayamalizi kila kitu. Hata vipofu wanaweza kuugua safarini, kwa hiyo si ugomvi wa jicho na sikio tu. Watafiti James Reason na J. J. Brand waliandika mwaka 1975 kwamba kinachogombana ni taarifa zinazoingia na zile ambazo ubongo ulitarajia. Hilo linaeleza kwa nini dereva haugui mara kwa mara ingawa anapita kona zilezile: yeye ndiye anayezipanga, mwili wake unazijua kabla hazijafika.

Na kwa nini ubongo uliochanganyikiwa uamue kutapika? Mtafiti Michel Treisman alipendekeza mwaka 1977 kwamba zamani za kale kilichoweza kuvuruga mizani ya mwili kiasi hicho kilikuwa sumu, kwa hiyo ubongo hutapisha kwa tahadhari. Ni wazo la kupendeza, ila ni gumu kulithibitisha, na wataalamu wengine hawalikubali.

Watoto wachanga, chini ya miaka 2, ni nadra kuugua. Wanaosumbuliwa zaidi ni wa umri wa shule ya msingi, kisha hali hupungua wakikua. Ndio haohao tunaowapa simu.

Kwa hiyo mchezo mzuri wa garini ni ule unaoinua kichwa. Wa kwanza ninaoupendekeza ni kumpa mtoto kazi ya ukonda: aangalie mbele na atangaze matuta na rasta kabla gari halijafika. "Baba, tuta!" Anapata anachokipata dereva, yaani kujua kinachokuja, na ana cheo. Amefungwa mkanda, amekaa mahali anapoona kioo cha mbele. Kwenye Noah, siti ya katikati inafaa kuliko ya nyuma kabisa. Mwingine ni kutunga sentensi kwa herufi tatu za mwisho za namba ya gari lililo mbele: D, K, M, "Dada Kala Muwa". Kuhesabu mibuyu baada ya Same nako kunafaa, mradi ahesabu ile ya mbali. Miti ya kando ya barabara inapita kasi mno kwa macho yaliyochoka.

Giza likiingia, nje hakuna cha kutazama, na hapo kufumba macho kunasaidia kuliko kuyakodoa. Huo ni wakati wa vitendawili na hadithi za kusikiliza. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Aliyeshindwa anatoa mji, na utamu unazidi akitoa mji ulio mbele: akikupa Hedaru, utaingia mjini kwako baada ya dakika chache.

Dalili zikianza, usingoje matapishi. Zima simu, fungua dirisha, tafuta mahali salama pa kusimama, mtoto akanyage ardhi isiyosogea. Ndimu na tangawizi huwatuliza baadhi ya watu, ingawa ushahidi wake ni hafifu. Kopo lenye mfuniko liwe karibu, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Dawa za kichefuchefu cha safari zipo, nazo hufanya kazi zaidi zikimezwa kabla ya kuondoka. Mwone mfamasia kwanza na umtajie umri wa mtoto, kwa sababu promethazine, mojawapo ya dawa hizo, haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2.