Ndege Ikianguka: Familia Idai Nini, kwa Nani na kwa Muda Gani

Ajali ya ndege inapotokea, mara nyingi jamaa wa marehemu huwa bado wanasubiri majibu ya vinasaba ili wakabidhiwe mwili, na tayari kuna mtu amewaletea karatasi ya kusaini. Huenda ametumwa na shirika la ndege, huenda ni wa bima, huenda ni wakili ambaye hakuna aliyemwita. Katika dawati la msaada wa kisheria ushauri wetu wa kwanza ni huu: pokeeni karatasi, bakini na nakala, msisaini siku hiyo.

Swali linalofuata ni nani adaiwe, na wapi. Jibu linaanzia kwenye tiketi. Safari za kimataifa kati ya nchi zilizoridhia zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kutumika mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya Mkataba wa Warsaw wa 1929, ambao bado unatumika kwa baadhi ya safari. Kinachoangaliwa ni safari nzima ya abiria kama ilivyokatiwa tiketi, wala si kipande alichofia. Chukulia abiria wawili waliokaa viti vya jirani kwenye ndege ya ndani ya nchi. Mmoja alikuwa akiunganisha kwenda ng'ambo kwa tiketi ileile. Mwenzake alikuwa anakwenda mji wa pili tu. Madai ya familia ya kwanza yanaweza kuwa chini ya Mkataba, na ya pili chini ya sheria za nchi hiyo, ambazo huenda zina viwango na muda tofauti. Kwa hiyo itafuteni tiketi kwenye barua pepe ya marehemu, kwa wakala aliyeikata, au kwa mwajiri aliyeilipia.

Chini ya Mkataba wa Montreal familia haihitaji kuthibitisha kwamba rubani au shirika lilizembea. Inatosha kwamba kifo kilisababishwa na ajali iliyotokea ndani ya ndege, au wakati wa kupanda au kushuka. Hadi kiwango cha SDR 151,880 kwa kila abiria (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kiasi hicho ni karibu dola 200,000 za Marekani), shirika haliwezi kukwepa dhima, isipokuwa kwa sehemu ambayo abiria mwenyewe alichangia kwa kosa lake. Kiwango hicho kimeanza tarehe 28 Desemba 2024. Ajali za kabla ya hapo zina viwango vya chini zaidi.

Hapa watu wengi hukosea, na wapo wanaofaidika na kosa hilo. Kiasi hicho si kikomo cha fidia. Hasara ikizidi hapo, shirika ndilo lenye mzigo wa kuthibitisha kwamba halikuzembea, au kwamba kosa lilikuwa la mtu mwingine peke yake. Likishindwa, hulipa hasara yote iliyothibitishwa. Lakini pia si hundi inayotolewa kwa kila jina lililo kwenye orodha ya abiria: lazima hasara ionyeshwe. Hati za mshahara, ada za shule alizokuwa akilipa, fedha alizokuwa akiwatumia wazazi, vyote vikusanywe mapema. Kama uchungu wa kufiwa nao unalipwa, na kwa kiasi gani, huamuliwa na sheria ya nchi inayotumika kwenye shauri. Fidia ya kumwadhibu mkosaji haitolewi chini ya Mkataba.

Muda ni miaka miwili tangu siku ndege ilipofika, au ilipopaswa kufika. Ndani ya muda huo kesi iwe imefunguliwa mahakamani. Kuandikiana barua na kampuni ya bima hakusimamishi hesabu. Ndege ya MH370 ya Malaysia Airlines ilipotoweka tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239, serikali ya Malaysia ilitangaza rasmi kuwa ni ajali Januari 2015, ikieleza kuwa tangazo hilo lingesaidia familia kupata haki zao, ikiwemo fidia. Hata hivyo muda ulihesabiwa tangu siku ya safari, na familia kadhaa zilifungua kesi Machi 2016, siku chache kabla ya ukomo. Kukosekana kwa mwili hakuzuii madai.

Kesi inaweza kufunguliwa katika nchi mwanachama ambako shirika lina makao yake, iliko ofisi yake kuu, ilikokatwa tiketi kupitia ofisi ya shirika, au iliko hatima ya safari. Kwa tiketi ya kwenda na kurudi, hatima ni pale alipoanzia. Panapotokea kifo au majeraha, pameongezwa mahali pa tano: nchi yalikokuwa makazi ya kudumu ya abiria, mradi shirika linasafirisha abiria kwenda au kutoka huko na linafanyia biashara huko. Na ikiwa tiketi iliuzwa na shirika moja lakini ndege ilirushwa na lingine, yote mawili yanaweza kudaiwa.

Mtengenezaji wa ndege au wa kifaa kilichoharibika yuko nje ya Mkataba huo. Yeye hudaiwa kwa sheria za kawaida za bidhaa zenye kasoro, mara nyingi katika nchi yake. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 na kuua watu wote 157 ilikuwa Boeing 737 MAX, na familia za mataifa mbalimbali zilifungua kesi Chicago, Marekani. Novemba 2021 Boeing ilikubali dhima, kikabaki kuamuliwa kiasi cha fidia kwa kila familia. Si kila kesi ya namna hiyo hupokelewa: mahakama za Marekani zinaweza kuikataa zikiona nchi nyingine inafaa zaidi kuisikiliza.

Nirudi kwenye karatasi. Malipo ya awali ya kukidhi mahitaji ya haraka ni halali kuyapokea. Si kukiri kosa kwa upande wa shirika, na baadaye yanaweza kukatwa kwenye fidia. Hatari ni hati inayosema mpokeaji anaachilia madai yote, kwa shirika na kwa "wahusika wengine wote". Maneno hayo matatu yanaweza kumfutia dhima hata mtengenezaji ambaye hajatoa senti moja. Mawakili nao wachunguzwe: Marekani sheria inawakataza kuwatafuta jamaa bila kuitwa ndani ya siku 45 za ajali. Ulizeni asilimia atakayochukua, nani atalipa gharama mkishindwa, na muyapate kwa maandishi.

Msisubiri ripoti ya wachunguzi ndipo muanze. Chini ya kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, uchunguzi unalenga kuzuia ajali nyingine, haugawi lawama, na ripoti ya mwisho inaweza kuchelewa kupita hiyo miaka miwili. Katika kipindi hicho shughulikieni cheti cha kifo na usimamizi wa mirathi, maana nani ana haki ya kudai ni suala la sheria ya nchi, na mgogoro kati ya mjane na ndugu wa marehemu unaweza kuchelewesha malipo kuliko ubishi wowote wa shirika la ndege. Penye watoto wadogo, ombeni mahakama iidhinishe makubaliano na namna fedha zao zitakavyotunzwa.