Je, wajua kwa nini ghorofa za kale za matofali zina kuta nene hivyo?

Kama umepanga Kondele hapa Kisumu labda ushaona landilodi akiamua floo ya chini iwe maduka. Fundi anakuja na nyundo na patasi, asubuhi kulikuwa na ukuta, jioni kuna duka la M-Pesa, na wapangaji wa juu wanaendelea kusonga ugali kama kawaida. Jengo halianguki manake ukuta huo haubebi chochote. Mzigo wote uko kwa nguzo na bimu za zege, yale mawe yamejaza nafasi tu. (Usikimbilie nyundo lakini, kuna nyumba za zamani hapa ambazo ukuta wa mawe ndio umeshika slabu, uliza injinia kwanza.)

Sasa hiyo kazi huwezi ukaijaribu Dakota. Hii ni ghorofa ya New York iliyojengwa kwa ajili ya kupangisha na kumalizwa 1884, mlangoni pake ndipo mwanamuziki John Lennon alipigwa risasi 1980. Aliyeijenga ni Edward Clark, bosi wa Singer, eeh, Singer ile ile ya cherehani unazoziona kwa veranda za mafundi wa nguo, na maskini alikufa 1882 hata haijaisha. Humo hakuna nguzo za zege zilizojificha, ukuta wenyewe ndio nguzo, sakafu zimelalia bimu za chuma na zile bimu zimelalia ukuta.

Piga hesabu kidogo. Mita moja mraba ya ukuta wa matofali wa unene wa sentimita 20 ina karibu kilo 400. Floo moja ina kimo cha kama mita 3, so kila mita unayotembea kando ya ukuta ni tani 1.2, na hiyo ni floo moja tu. Panda floo kumi ni tani 12, bado hujaweka sakafu, vitanda na watu. Tofali la chini kabisa linabeba hayo yote, ndiyo maana ukuta unaanza mnene chini halafu unapungua ukipanda.

Na unene si kupanga mistari ya matofali bega kwa bega tu, itaachana. Baadhi ya matofali yanageuzwa yaingie ndani yashone mstari wa mbele na wa nyuma, ukiangalia ukuta wa zamani vizuri utaona vile vichwa vifupi katikati ya marefu. Watu wa Kakamega wanaochoma matofali wanajua pia kwamba tanuru halitoi sawa, ya karibu na moto yanatoka meusi magumu, ya nje yanatoka mekundu mepesi unayakwaruza kwa kucha yanatoa unga. Marekani ya zamani ilikuwa hivyo hivyo, magumu yanaangalia mvua, malaini yanafichwa ndani ya unene.

Madirisha nayo hayakuwekwa ovyo. Yanasimama moja juu ya lingine ili kati yao kubaki mistari ya ukuta inayoshuka moja kwa moja hadi msingi, na juu ya dirisha mara nyingi kuna tao linalofanya matofali yabanane, kwa sababu tofali linapenda kukandamizwa, ukilivuta linakatika.

Mwisho wa mchezo huu ulionekana Chicago, kwa jengo la ofisi linaloitwa Monadnock. Nusu ya kaskazini iliisha 1891, floo 16 za matofali, na ukuta wa chini ni mita 1.8, yaani mtu mzima anaweza kulala ndani ya unene wake. Uzito huo ukalizamisha jengo kwa udongo kuliko walivyopanga. Nusu ya kusini ilipokuja 1893 wakaweka fremu ya chuma, na matofali yakabaki kuvalishwa tu kwa nje, kazi sawa na ya yale mawe ya Kondele.