Elimu kwa umma: Utunzaji na uchoraji wa matokeo ya uigaji wa uthabiti wa gridi

Kitengo chetu hapa Tanga kimekuwa kikipokea malalamiko kutoka kwa waombaji wanaotaka kuunganisha viwanda na mitambo ya kufua umeme kwenye gridi, pamoja na wahandisi washauri wanaowasaidia, kwamba taarifa zao za uthabiti, yaani za uigaji wa kompyuta unaoonyesha kama gridi itabaki imara baada ya hitilafu, zinarudishwa mara mbili hadi tatu ilhali grafu zote zimeambatishwa. Wapo wanaodhani kwamba tunazirudisha ili kuwachelewesha. Si kweli, na haitusaidii chochote kurundika mafaili mezani. Taarifa nyingi hurudi kwa sababu moja: mwombaji ametuletea picha za grafu, lakini matokeo yaliyozaa picha hizo hayapo, au yapo lakini hayasomeki, au yanasomeka lakini hayaelezi yametokana na mfumo gani.

Tunachohitaji kwanza ni matokeo ghafi, yaani faili lenyewe ambalo programu ya uigaji imelitoa, kabla halijapunguzwa wala kulainishwa. Hoja tunayoisikia kila mara ni kwamba mafaili hayo ni makubwa mno. Tupige hesabu pamoja. Mshauri akirekodi vipimo 2,000, vikiwemo misongo (volteji) ya vituo, pembe za rota (sehemu ya jenereta inayozunguka), masafa (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) na mtiririko wa nguvu kwenye njia za umeme, kwa uigaji wa sekunde 20 wenye hatua (muda kati ya hesabu moja na inayofuata) ya milisekunde 5, atapata hatua 4,000 na jumla ya namba milioni 8. Namba moja ikihifadhiwa kwa baiti 4, faili zima ni megabaiti 32, na akiiga matukio 500 atakuwa na gigabaiti 16, kiasi kinachoingia kwenye flashi ya kawaida ya dukani. Ukubwa unaolalamikiwa hutokana zaidi na watu kuhifadhi kila kitu kama maandishi ya CSV, ambapo namba ileile huweza kuchukua nafasi karibu mara tatu, kisha kuyaunganisha matukio yote katika jedwali moja la Excel. Jedwali la Excel lina kikomo cha mistari 1,048,576. Matukio 500 yenye mistari 4,000 kila moja ni mistari milioni 2, kwa hiyo karibu nusu ya kazi haiingii. Tumewahi kupokea jedwali la namna hiyo likiwa limekatika katikati ya tukio, na aliyelituma hakuwa amefika mwisho wake kuliangalia.

Njia ya pili ya kupunguza ukubwa ina madhara zaidi, nayo ni kuhifadhi hatua chache badala ya zote. Hapa ninaomba nieleweke vizuri, kwa kuwa ndipo tunapobishana zaidi na waombaji. Katika taarifa moja tuliyoipitia, mshauri aliiga hitilafu ya awamu tatu, yaani shoti inayogusa nyaya zote tatu, kwenye njia ya kilovoti 132 ya Hale hadi Tanga, karibu kabisa na kituo cha kupoza umeme cha Tanga. Hitilafu ilianza sekunde ya 1.0 na ikaondolewa sekunde ya 1.1, yaani baada ya milisekunde 100, ambazo kwa mfumo wetu wa Hz 50 ni mizunguko 5. Hitilafu ya aina hiyo hushusha msongo wa kituo kilicho jirani hadi karibu na sifuri. Lakini kwenye grafu yake msongo wa Tanga ulikuwa mstari ulionyooka, wenye mtikisiko mdogo tu baada ya sekunde ya 1.1, kana kwamba hakuna lililotokea. Kompyuta ilikuwa imekokotoa kila kitu sawasawa. Tatizo ni kwamba alihifadhi thamani moja kila baada ya milisekunde 100, na thamani ya sekunde ya 1.0 ilikuwa ya kabla ya hitilafu, huku ile ya sekunde ya 1.1 ikiwa ya baada ya breka, swichi inayokata njia yenye hitilafu, kufunguka. Anguko lote lilikaa katikati ya nukta mbili alizozihifadhi. Kuyumba kwa pembe za rota, ambako kwa kawaida huchukua nusu sekunde au zaidi kwa kila mzunguko, kulionekana vizuri kabisa, na ndiyo maana yeye mwenyewe hakushtuka. Taarifa hiyo ingepita, mwenye kiwanda angeamini kwamba mota zake hazitagusika, na rilei za msongo mdogo (vifaa vinavyokata umeme msongo ukishuka mno) zingepangwa kwa kutegemea mstari ambao haupo.

Kwa sababu hiyo, hatua zote zihifadhiwe, na pale hali ya mfumo inapobadilika ghafla zihifadhiwe thamani mbili kwa muda uleule, ya kabla na ya baada. Programu nyingi hufanya hivyo zenyewe. Anayeharibu ni mtu anayepeleka faili kwenye Python au Excel na kufuta mistari yenye muda uliojirudia akidhani ni makosa. Tafadhali msiifute. Mistari hiyo miwili ndiyo inayofanya anguko lichorwe wima kama lilivyotokea, badala ya mteremko wa pole ambao haukuwepo.

Kuhusu uchoraji wenyewe, jambo linalopuuzwa mno ni vipimo vya mihimili, yaani mistari ya pembeni ya grafu yenye namba. Programu ikiachiwa ichague yenyewe, masafa yanayobadilika kati ya Hz 49.999 na 50.001 yatajaza ukurasa mzima na kuonekana kama janga, na mwombaji mwingine akichora masafa kuanzia sifuri hadi 60, anguko la hadi Hz 49.2 litaonekana kama mkwaruzo. Matukio yanayolinganishwa lazima yachorwe kwa mihimili ileile. Pembe za rota zichorwe kwa nyuzi, zikipimwa dhidi ya rejea moja iliyotajwa wazi, iwe jenereta fulani au kitovu cha inesha cha mfumo (wastani wa pembe za jenereta zote, kila moja kwa uzito wake), kwa sababu pembe isiyo na rejea haina maana yoyote. Pia programu za kuchora zisiruhusiwe kuirudisha pembe kwenye nyuzi hasi 180 kila inapovuka 180. Pembe ya jenereta iliyopoteza usawazisho, yaani isiyozunguka tena sambamba na nyingine, inaendelea kupanda, na msomaji anatakiwa kuiona ikipanda. Rangi zitofautiane hata zikichapwa kwa wino mweusi, na mistari isizidi sita au saba kwa grafu.

Sekunde ya kwanza kabla ya hitilafu isikatwe kwenye grafu. Tunaitazama kuliko mnavyodhani. Mistari ikiwa imetulia hapo, tunajua mfumo umeanzishwa vizuri. Ikiwa inateleza hata kidogo kabla ya tukio lolote, hatusomi kurasa zinazofuata.

Faili lisilo na utambulisho ni kama kontena lililoshushwa bandarini bila hati: huenda lina mali halali, lakini hakuna afisa atakayelitoa. Kila faili liandikwe ndani yake toleo la modeli ya gridi, tarehe ya modeli hiyo, mgawanyo wa uzalishaji (kila mtambo unazalisha kiasi gani), mahali na aina ya hitilafu, muda wa kuiondoa, hatua ya uigaji, jina la programu na toleo lake. Jina la faili pekee halitoshi, kwa kuwa majina hubadilishwa. Umuhimu wa tarehe unaonekana wazi tukitazama Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingizwa kwenye gridi mwezi Februari 2024. Bwawa hilo lina mitambo 9 yenye megawati 235 kila mmoja. Kwa kulinganisha na vituo vya hapa jirani, kituo cha Hale kina megawati 21, na kile kipya cha Pangani megawati 68 kwa jumla. Kupotea kwa mtambo mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere ni tukio ambalo modeli ya mwaka 2022 haikuwa nalo, na bado tunaletewa grafu nzuri za modeli ya aina hiyo bila mwaka wowote kuandikwa juu yake.

Wengine hutuletea matokeo ya uigaji wakiyaita kumbukumbu za tukio. Uigaji si kumbukumbu. Kumbukumbu za kweli hutoka kwenye vinasa hitilafu vya vituoni, kwa kawaida katika COMTRADE, muundo sanifu wa mafaili ya vinasa hivyo, na zikipatikana zichorwe juu ya matokeo ya uigaji, kwa muda ule ule na kipimo kile kile, ili tofauti zionekane. Tofauti hizo haziwapunguzii waombaji alama. Kinachowaponza ni kuzificha.

Utaratibu wa kuwasilisha ni huu. Mwombaji analeta taarifa iliyochapwa, matokeo ghafi ya matukio yote, na programu fupi au maelekezo aliyotumia kuchora, ili sisi tuweze kuichora upya kila grafu kutoka kwenye faili lake. Tunachagua grafu kadhaa bila kumwarifu. Grafu isiporudi kama ilivyo kwenye taarifa, taarifa nzima inarudishwa kwa barua inayotaja kasoro, na ikiwasilishwa tena inahesabiwa kuanzia tarehe mpya, si tarehe ya kwanza. Hatuna uwezo wa kumshikia mtu nafasi yake kwenye foleni, hata akija kutuona mwenyewe. Ikibainika kwamba namba zimebadilishwa kwa makusudi, suala hilo linaweza kufikishwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo kwa sheria ya mwaka 1997 inaweza kumchukulia hatua mhandisi, ikiwemo kumfuta kwenye daftari.

Matokeo ghafi yatunzwe na mwombaji pia, katika nakala mbili zilizo mahali tofauti, kwa muda wote ambao mtambo au kiwanda chake kimeunganishwa. Waliorudishiwa taarifa kwa kukosa mafaili ghafi pekee hawana haja ya kuiga upya ikiwa mshauri wao bado anayo. Walete mafaili hayo pamoja na barua tuliyowaandikia.