Kotmiri ikinuka sabuni, wifi hadeki

Wifi yangu akiletewa kachumbari huchambua kotmiri jani kwa jani na kuiweka pembeni mwa sahani. "Inanuka sabuni," husema. Miaka yote tumemwambia anadeka, na tumemwonea.

Majani mabichi ya kotmiri (giligilani, au dania kwa Wakenya) yana aldehidi, kemikali za jamii inayopatikana pia katika baadhi ya sabuni na katika uvundo wa kunguni. Kwa hiyo harufu anayoisema imo kweli. Juu kabisa ndani ya pua kuna seli zenye protini zinazonasa harufu, yaani vipokezi, na kila kipokezi hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni yake. Binadamu ana jeni za namna hiyo zinazofanya kazi zipatazo 400. Mojawapo, OR6A2, iko kwenye kromosomu ya 11, na kipokezi chake ni hodari wa kunasa aldehidi.

"Lakini yeye analalamikia ladha, si harufu!" Mwambie abane pua kisha atafune jani. Sabuni itatoweka karibu yote. Akiachia pua, inarudi hapo hapo. Ulimi haujui sabuni. Harufu hupanda puani kwa nyuma, kupitia kooni, nasi tukadhani ni ladha.

Kosa linalosambaa zaidi siku hizi ni kusema fulani "ana jeni ya kuchukia kotmiri". OR6A2 si jeni ya wachache wanaoona sabuni. Utafiti wa mwaka 2012, uliohusisha watu zaidi ya 25,000 wenye asili ya Ulaya, ulikuta tofauti ya herufi moja ya DNA ndani ya kundi la jeni za kunusa, OR6A2 ikiwemo. Tena mchango wake ulikuwa mdogo. Mazoea ya jikoni yana nafasi yake, na kipimo cha jeni hakiwezi kukuambia mtoto wako atapenda nini.

Wala asiyependa majani hachukii mmea mzima. Mbegu zilizokomaa zina harufu nyingine kabisa, ndiyo maana wifi hula mchuzi wenye bizari ya mbegu hizo bila neno. Hata majani yakipondwa, vimeng'enya vyake huanza kuvunja aldehidi. Siku hizi chatine ya kotmiri naisaga mapema, naiacha itulie, ndipo namwekea. Juzi aliongeza kijiko cha pili.