Jua kali siyo sifa ya mvinyo, jamani

Kila nikirudi nyumbani Tanzania nakutana na swali lilelile: "Huko kwenye baridi zabibu zinaivaje? Si mvinyo mzuri ni wa jua kali?" Wengine wanaouliza wanauza mvinyo madukani. Basi naandika hapa, nisirudie tena.

Kiwanda chetu ni kidogo, kiko bonde la Hemel-en-Aarde, nyuma ya mji wa Hermanus, Afrika Kusini. Atlantiki iko kilomita chache tu na maji yake ni ya baridi. Mchana ardhi ikipata joto hewa inapanda, na ile ya baharini inavutwa bondeni. Februari, wakati wa mavuno, wenzetu walio mbali na bahari wanaungua kwa nyuzi 35. Sisi mara nyingi tuko 25 hivi. Tim Hamilton Russell, mmoja wa waanzilishi wa mvinyo hapa bondeni, aliponunua shamba mwaka 1975, baridi hii ndiyo aliyoifuata, na leo bonde linajulikana kwa Pinot Noir (zabibu nyekundu) na Chardonnay (nyeupe).

Kinachoniudhi ni watu kudhani kuiva maana yake sukari. Sukari ndiyo sehemu rahisi! Balling, yaani kipimo cha sukari kwenye juisi ya zabibu, 23 au 24 zinatosha. Hamira itakupa kileo cha asilimia 13 na kitu. Kwenye joto kali zabibu inafika hapo mapema mno, mbegu bado za kijani na ganda linakwaruza ulimi. Ukisubiri mbegu zikomae, sukari imeshafika 27, na mvinyo unatoka na kileo cha 15 au zaidi, unachoma koo. Halafu mtu anausifu: "Huu una nguvu!" Hata gongo ina nguvu, ndugu yangu.

Njoo kwenye asidi. Zabibu inapumua, na ikipumua inachoma asidi ya maliki, moja ya asidi zake kuu mbili. Joto likizidi inaichoma kwa pupa. Usiku ukiwa wa baridi inaichoma taratibu. Ile ya pili, ya tartariki, ni sugu zaidi. Asidi ikipungua pH (kipimo cha ukali wa asidi) inapanda, na hapa wanaoogopa salfa, ile dawa ya kuzuia mvinyo usiharibike, wanisikilize vizuri: pH ikitoka 3.2 ikafika 3.8, unahitaji salfa huru (ile ambayo bado haijashikana na vitu vingine kwenye mvinyo) karibu mara nne ili mvinyo ulindwe vilevile. Yaani jua mnalolisifu ndilo linalowaongezea salfa mnayoilalamikia.

Sisemi Dodoma haifai. Kule, kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, mzabibu haulali kwa baridi, mkulima anauamsha kwa kupogoa, kwa hiyo anavuna mara mbili kwa mwaka. Ni kazi nyingine kabisa, na kuongeza asidi kiwandani siyo udanganyifu. Ila Pinot Noir nisingethubutu kuipanda pale. Na baridi nayo ina adha zake: ubwiri unga, vichala kuoza mvua ikikatiza mavuno, miaka ambayo zabibu zinakawia hadi unakosa usingizi.

Siku ya kuvuna tunaijuaje? Vitabu vina jedwali. Mimi naingia kwenye mistari asubuhi, nachuma huku na huku, hasa upande wa kivuli, natafuna. Ganda nalikanda kwa meno nione linaachia rangi upesi au linabishana. Mbegu natemea kiganjani: zikiwa za kahawia na zikivunjika kama karanga za kukaanga, tumekaribia. Kisha napima Balling na pH, na mara nyingi vipimo na ulimi havikubaliani. Nikiwa mkweli, uamuzi wa mwisho ni dau.

Hadithi za udongo nazipita haraka. Udongo wetu wa mfinyanzi unashika maji, na hilo linasaidia sana kiangazi. Lakini mzizi haunyonyi ladha ya jiwe ukaipeleka kwenye glasi, hata vipeperushi viseme nini. Ila kuna Chardonnay ya hapa ambayo kila nikiionja nahisi chumvi, na sina maelezo yanayoniridhisha.

Mkinunua Pinot ya mahali pa baridi, geuzeni chupa msome kileo: 13 hadi 14 ni kawaida. Na iwekeni kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua. Wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumba" hawajawahi kukaa sebule ya Dar mwezi Januari.